Tundu la Waya Kwenye Ukuta wa Kati

1

inazunguka

inazunguka

inazun

2

Aboud hakukiona kile kiduara cheupe kwenye runinga. Alikuwa amekipa mgongo. Macho yake yalikuwa kwenye uso wa mamake, na humo ndimo alimosoma kila kitu: midomo iliyokuwa ikifuatisha wimbo wa harusi ilisimama, nyusi zikapanda, kidole kilichokuwa kikipiga goti polepole kikabaki hewani.

"Imekwama?"

"Imekwama."

"Dakika ya ngapi?"

Bi Thureya alikaza macho. "Saa moja na dakika ishirini na sita."

Jana iliishia ishirini na nane. Juzi thelathini na moja. Harusi nzima ya Swabra ni saa moja na dakika hamsini na mbili, na kile anachokitaka Bi Thureya kiko mwisho kabisa, baada ya majina.

"Anzisha tena, mwanangu."

"Itaanza mwanzo, Mama. Haikubali kurukishwa."

"Basi na ianze mwanzo. Kwani mimi nina safari?"

Hana safari. Yuko eda. Mumewe alifariki miezi mitatu na siku nane iliyopita, naye hatavuka kizingiti cha nyumba mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

3

UPANDE HUU WA UKUTA
runinga
mashine ya gemu ya Aboud, ambayo hupokea picha kutoka upande wa pili na kuzipeleka kwenye runinga
mkeka na tasbihi
Bi Thureya
mwanawe, miaka ishirini na mbili, aliyeipa runinga mgongo

UPANDE ULE
studio ya marehemu Shekuwe, mlango wake unafungukia barabarani
kompyuta yake, inawaka tangu siku aliyopelekwa hospitali
harusi elfu moja mia mbili na kitu
ruta ya waifai, taa ya kijani
(ufunguo haumo, uko mfukoni mwa Ami Mselem, nduguye marehemu)

KATIKATI
mkono mmoja na shubiri ya mawe ya matumbawe na chokaa

4

Ndimi huo ukuta.

Nawe unayesoma usinichukie. Walionijenga hapa Kibokoni hawakuniambia kwamba siku moja nyuso za watu zitapita hewani. Waliniambia nizuie jua na macho ya wapita njia, na nimezuia, babu na mjukuu. Kinachonijia kimekonda nakikondesha zaidi. Sauti ya mtu huniingia nzima ikatoka kip nde kip

Kuna jambo ninalolijua juu ya kijana huyu. Limo ndani yangu, karibu na sakafu, nyuma ya kabati la vyombo. Sitalisema mimi. Mimi kazi yangu ni kuzuia.

5

Maandishi ya mwanzo, yale yanayopanda polepole kwenye kila mkanda wa studio ya Shekuwe. Aliyatunga Aboud akiwa na miaka kumi na saba. Hakufundishwa na mtu. Alihesabu mizani kwa vidole vya mikono na vya miguu.

Karibuni wahisani, harusi tuitazame
Wanawake wako ndani, nje wakaa wanaume
Kamera mbili kazini, moja mke moja mume
Zikutane mlangoni, picha moja tuisome

Na kweli ndivyo kazi ilivyokwenda kwa miaka thelathini. Shekuwe alipiga picha za wanaume: msikiti, ndoa, mkono wa walii, kahawa. Thureya alipiga za wanawake, kule ukumbini ambako buibui zimevuliwa na hakuna mwanamume. Bwana harusi alipoletwa kwa mkewe, Shekuwe alimfuata na kamera hadi mlangoni, akasimama. Thureya alimpokea kwa ndani. Mume akizima, mke anawasha. Baina yao kulikuwa na pazia, na harufu ya udi ikipita chini yake.

Kisha nyumbani huunganisha. Mume aliketi kwenye kompyuta akamaliza upande wake, akainuka, akatoka nje kabisa. Mke akaketi.

"Miaka thelathini," Shekuwe alikuwa akijigamba mbele ya wateja, "sijaona hata nukta moja ya kamera ya mke wangu. Mwulizeni."

6

Hospitali. Kitanda cha dirishani. Maneno ya mwisho ya Shekuwe ambayo Bi Thureya aliyapata mazima:

"Ile ya Swabra."

"Harusi ya Swabra imefanyaje?"

"Majina yakianza usizime. Kuna kitu nimekibandika mwisho. Pale mlangoni, siku ile, wewe ulishaingia ndani. Kamera yangu ilikuwa bado"

Muuguzi alifika na dripu. Baadaye mgonjwa akalala. Baadaye

7

ILANI KWA WATU WOTE WA NYUMBA HII

Mimi Mselem Mbwana, msimamizi wa mali ya marehemu ndugu yangu, natangaza kama ifuatavyo:

(a) Chumba cha studio kitafungwa hadi eda ya mjane itimie na mirathi igawiwe mbele ya warithi wote.

(b) Kompyuta isizimwe. Fundi alishasema ikizimwa huenda isiwake tena.

(c) Hakuna mkanda utakaonakiliwa wala kutolewa chumbani. Humo zimo picha za wanawake wa watu, walioamini kwamba hakuna mwanamume atakayewaona. Ni amana. Mimi mwenyewe nimekifunika kioo cha kompyuta kwa kikoi.

(d) Mawimbi ya waifai yanayopita yenyewe kwenda kwa mjane, ambaye ndiye aliyezipiga picha hizo, hayana ubaya.

(e) Waya hautapitishwa, kwa ndani wala kwa nje. Ukuta wa kati ndio mpaka wa mafungu mawili ya nyumba hii. Waya ukipita leo, kesho wajukuu wataapa kwamba nyumba ni moja. Asitoboe mtu tundu jipya.

Imesainiwa.

8

Yaliyosikika ngazini, wageni wa kumpa mkono mfiwa wakishuka:

"Umesikia vigelegele?"

"Nimesikia."

"Mjane yuko eda, hajapaka hata mafuta ya nywele, anatazama harusi."

"Tena kila siku ile ile."

"Nami nimo ndani ya harusi ile. Nilivaa lile gauni la kijani."

"Kumbe ndiyo maana umesimama sana mlangoni."

"Ah, toka hapa. Nilikuwa natafuta kiatu changu."

9

Muunganisho umepotea.
Jaribu tena?

NDIYO HAPANA

10

Alivyojaribu Aboud, kwa mpangilio wa kukata tamaa:

Alihamisha mashine ya gemu juu ya kabati. Saa moja na dakika kumi na tisa.

Aliiweka chini, imebanwa na ukuta. Ishirini na nane.

Alizima simu zote za nyumba, akapanda juu kwa majirani akawaomba nao wazime. Wakazima. Mmoja akauliza ni maombi au ni mtihani. Thelathini na moja, na hiyo ndiyo iliyofika mbali kuliko zote.

Alisimamisha sinia la shaba nyuma ya mashine, maana mtu alimwambia shaba hurudisha mawimbi. Kumi na mbili.

Alimwomba mamake asitikisike.

"Nisitikisike mimi?"

"Mtu naye huzuia mawimbi, Mama. Mwili una maji."

Bi Thureya akakaa kama jiwe saa nzima na robo, mikono mapajani, bila hata kumfukuza nzi. Ilipokwama, machozi yalimtoka naye bado hajatikisika.

Siku ile Aboud alitoka akaenda kupiga teke pipa la maji barabarani. Ni kijana wa hasira za karibu. Watu walitazama, yeye akawatazama zaidi.

11

Mwaka juzi. Siku ya ishirini na nane ya Ramadhani, baada ya alasiri. Nyumba nzima ya Kibokoni inapakwa chokaa kwa ajili ya Idi, na Aboud yuko juu ya kigoda na brashi. Shekuwe amesimama chini yake, kofia nyuma ya kichwa.

"Pembeni ya waya wangu paka kwa utaratibu."

"Baba, waya huu wa nini tena? Umetoka ukutani kama mkia wa panya. Wageni waja Idi, wauona."

"Waniletea picha hapa sebuleni kwenye hiyo mashine yako. Mamako hutazama kazi yetu akiwa amekaa vizuri."

"Waifai yafanya hivyo hivyo. Hakuna mtu anayevuta waya siku hizi. Ni ushamba."

"Ushamba?"

"Mambo yote sasa ni hewani."

Shekuwe hakukasirika. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla, jambo lililomwudhi sana mwanawe.

"Sikiza. Waya ukikatika, naufuata kwa mkono mpaka pale ulipokatika. Hiyo ya hewani ikikatika, nitaanzia wapi?"

Aboud alicheka kwa pua. Babake alipokwenda kununua tende, alichukua kisu cha jikoni akaukata waya usawa wa ukuta. Alizunguka studioni akaukata na huko. Akachanganya chokaa nzito, akajaza tundu pande zote mbili, akapaka juu. Hapakuonekana kitu. Ulikuwa ukuta mzuri kuliko zote alizopaka.

Jioni, kwenye futari, Shekuwe alisema mbele ya watu wote kwamba panya wamekula waya wake.

Aboud alimeza tende yake. Hakusema

12

Wala mamake alipouliza wiki iliyopita, "Ule waya wa babako uliishia wapi?" hakusema.

"Panya, Mama. Hukumbuki?"

13

TAARIFA KWA WATEJA

Mnaarifiwa kwamba stima itakatwa siku ya Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, katika mitaa ifuatayo, ili kupisha matengenezo ya kawaida ya nguzo.

Kibokoni imo, mstari wa tatu.

Betri ya akiba iliyo chini ya kompyuta ya Shekuwe hushika dakika kumi na tano. Eda ya Bi Thureya imebakiza mwezi mmoja.

Taarifa iliwafikia Jumanne.

14

Jumatano, saa tisa alasiri. Aboud aligonga mlango wa studio. Alijua ami yake yumo; kila alasiri kandambili zake hukaa nje pale. Siku zote alidhani mzee anakuja kukagua mali.

Mlango ulifunguka kiasi cha uso.

"Salamu aleikum, Ami."

"Aleikum salam. Ikiwa ni waya, jibu nishakupa."

"Ni tundu."

"Tundu jipya sitaki."

"Si jipya. Lipo."

Mzee Mselem alimtazama, kisha akausukuma mlango. Ndani mlikuwa na mkeka uliotandikwa chini ya meza, mto, birika la kahawa na kikombe kimoja. Kioo cha kompyuta kimefunikwa kikoi kama maiti. Chini yake feni ya mashine ilikuwa inakoroma, inakata, inakohoa, inakoroma tena.

"Wakaa hapa, Ami?"

"Nalala kidogo. Hapana makelele." Mzee akajishughulisha na kifuniko cha birika. "Yakohoa kama yeye. Husikii? Ikifika pale inapokata, nasubiri kama itaendelea."

Wakasikiliza. Ikakata. Ikaendelea.

"Kesho hawatupi stima," Aboud akasema.

"Nimesoma."

"Baba amemwekea Mama neno mwisho wa mkanda. Mawimbi hayafiki mwisho. Waya wake umo ukutani, Ami. Nimeukata mimi, huku na kule, siku ya kupaka nyumba. Nikalipaka tundu chokaa. Si panya."

Alitarajia kofi. Angelipokea, alikuwa amekuja na shavu lake.

"Babako alinijia siku ile," Mzee Mselem akasema, "na ncha ya waya mkononi. Imekatwa kwa kisu, sawasawa. Akanionyesha. Akasema, ndugu yangu, panya wa siku hizi wana meno mazuri."

Aboud akainama.

"Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia, mtie adabu. Akasema, mwache, mashairi yake ni mazuri."

Feni ikakata.

"Siku moja atakuja mwenyewe, akasema."

Ikaendelea.

15

Ukuta tena.

Walinikwangua pande mbili kwa wakati mmoja, kijana kwa bisibisi, mzee kwa kijiko cha birika. Chokaa ya kijana ilikuwa ngumu. Aliichanganya kwa kiburi. Kati yao, gizani, niliushika ule waya kama nilivyoushika siku zote.

Sikuwa nimeambiwa niuachie. Niliuachia.

16

Mwanga mwembamba. Kisha jicho la mzee.

"Naona jicho," akasema Mzee Mselem kwa upande ule.

"Ni langu, Ami."

"Najua ni lako. Jicho la nani jingine lina jeuri hivyo? Funga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani. Nikivuta huu, utakuja na ule."

Bi Thureya alikata uzi kwenye cherehani yake akaukabidhi. Alikuwa amejitanda hadi puani, maana shemeji yake alikuwa upande wa pili wa tundu lisilozidi kidole gumba. Alishayasikia yote ya studioni, vipande vipande, kupitia ukuta. Aboud alikuwa amepiga magoti, anafunga fundo, na hakuthubutu kuinua uso.

"Mama, si panya."

"Kaza uzi. Utafunguka katikati."

"Mama"

"Nimekusikia, Aboud. Kaza."

Fundo likaingia ukutani. Likakwama. Likapita.

"Shemeji," Bi Thureya akaita.

"Naam, mke wa ndugu yangu."

"Ahsante."

Upande ule kijiko kikagonga birika. Halafu:

"Tumalize tu, shemeji. Kisha liz lizibwe." Safari hii hayakuwa mawimbi. Lilikuwa koo la mtu.

17

Saa kumi na moja kasoro. Aboud kaipa runinga mgongo.

Hakuna kilichozunguka.

Walii akatoa mkono. Kahawa ikapita. Kwenye dakika ya arubaini wanawake wakaingia, vigelegele vikajaa chumba bila hata kimoja kuvunjika, na Aboud akausoma uso wa mamake kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe. Saa moja na ishirini na sita ikapita. Ishirini na nane. Thelathini na moja ilipopita, Bi Thureya alifumba macho, akayafumbua. Sasa walikuwa mahali ambapo hawajawahi kufika.

Saa moja na dakika arubaini na tano. Arubaini na sita.

Muziki ukateremka. Mwanga wa runinga ukabadilika usoni mwake, ukawa mweusi na mistari myeupe inayopanda.

Majina.

"Toka nje, mwanangu."

"Mama?"

"Toka nje. Babako alikuwa akitoka."

Akatoka. Kabla ya kuufunga mlango alimwona mamake akiinuka, akichomeka pembe ya kanga kwenye tundu, kuuzunguka waya, polepole, mpaka pakawa hapana hata uwazi wa sindano.

18

Aliyoyasikia Aboud ukumbini, sikio likiwa kwenye mlango wa mninga:

Kelele za watu mlangoni, za mbali.

Kitambaa kinasugua maikrofoni.

Kikohozi.

Sauti ya babake. Si maneno. Sauti tu, ile inayotoka kifuani, inapanda kidogo, inasimama.

(hapa patupu)

Inaanza tena, chini zaidi. Muda wa mtu kushuka ngazi moja.

(hapa patupu)

Kisha sauti ya mamake, ya mle chumbani, si ya mkanda. Anajibu.

Sauti ya babake.

Mamake, anajibu tena, na ndani ya jibu lake kuna kicheko kifupi, cha msichana, ambacho Aboud hajapata kukisikia katika nyumba hii.

Kisha

19

Wewe unayesoma umekuja mpaka hapa ukitaka kujua alisema nini.

Na yeye pia.

20

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika tano. Kikoi bado kimefunika kioo. Mzee Mselem yuko mkekani upande ule, Aboud yuko sakafuni upande huu. Kanga imetolewa tunduni na waya umeshavutwa. Kando ya Aboud kuna bakuli la chokaa aliyoichanganya ya kuzibia tundu, laini safari hii, na bisibisi, na kipande cha waya wa zamani ambacho ami yake amekirudisha kupitia tundu bila kusema kitu.

Stima ikaondoka. Friji ikanyamaza, pangaboi likazunguka bure mara nne.

Feni ya kompyuta iliendelea kwa betri. Waliisikia kupitia tundu, wote watatu. Inakoroma. Inakata. Inaendelea. Bi Thureya alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, tasbihi haitembei.

Inakoroma.

Inakata.

"Imenyamaza," akasema Mzee Mselem.

Hakuna aliyesema labda jioni itawaka. Wote walilifikiria.

Aboud akachota chokaa kwa ncha ya bisibisi. Hewa ilikuwa ikipita tunduni, kidogo, baridi, ikitoka chumba cha babake, na ilikuwa na harufu ya kahawa.

"Nizibe, Mama?"

Mamake aliinama. Aliweka kiganja mbele ya tundu, akakiacha hapo kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Ami angoja," Aboud akasema.

"Sijasema nangoja," sauti ikasema upande ule.

Kando ya bakuli chokaa ilikuwa imeanza kushika.

"Mama?"